Mwenye Nyumba

Saredo ana chumba cha ziada huku Balbala,
cha mabati, na mpangaji mmoja, kuli wa bandarini.
Mwezi ukiandama, hodi: kodi.

Serikali nayo ina wapangaji,
wenye bendera zao, senyenge zao,
na viyoyozi vinavyonguruma usiku kucha
sisi tukilala nje, Juni hii, shuka tumezilowesha.

Jana alikuja karani na daftari,
akamwandikia Saredo kodi ya chumba.
"Basi kwangu inaingia, kwangu inatoka," akasema,
"ya kwenu mbona inaingia tu?"

Karani alitazama mlango. Akafunga daftari, akaomba maji,
akanywa yote,
kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
kama kuna chumba kingine
kitakachokuwa wazi mwezi ujao.