Taa za Ak-Baital

Ukiona taa kileleni, weka birika.
Ndiyo saa yetu hapa, wala haikosei:
lori linashuka kwa kujikokota,
barabara imetoka mbavu kama punda wa kiangazi,
na maji yakitokota, breki zinalia mlangoni.
Huku juu maji huchemka upesi, lakini usidanganyike,
ni kelele tu, moto hayana.

Wanasema lami inakuja.
Walisema nikiwa mwari, wakasema nikizaa.
Mume wangu aliendesha greda miaka kumi na tisa
akizilaza zile mbavu, nazo zikiinuka nyuma yake.
Greda lipo pale, penye nguzo iliyofutika namba.
Mbwa huzalia chini yake.

Usiku ule wa Novemba niliona taa, nikaweka birika.
Kona ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu, giza.
Maji yakachemka, yakapungua, nikaongeza, yakachemka.
Ulanbek, nikamwambia mjukuu, amka,
vaa viatu vya babu yako.

Tulikwenda saa mbili na chupa ya chai ya maziwa na chumvi,
upepo ukitusukuma kifuani kama mdai.
Jirani wa karibu ni mwendo wa siku nzima kwa farasi;
pa kupiga hodi hapakuwepo.

Tukamkuta, Shogunbek, mtu wa Khorog:
springi imekatika, kabuti hana, blanketi hana,
midomo imeiva kama zambarau. Nikadhani kaibiwa.
Kumbe kavifunika viazi.
Magunia kumi na mawili, yamelazwa kama wagonjwa,
na kabuti lake juu ya gunia la pembeni,
limefungwa vifungo vyote.

"Vikiganda, mama," meno yakigongana,
"havifai hata mbegu."
Nikamtukana kwa Kikirigizi, ambacho hakijui sawasawa,
nikammiminia chai.

Ulanbek akarudi kuwaleta yaki wetu sita.
Magunia mawili kila mgongo. Kulipokucha tulikuwa nyumbani,
viazi karibu na jiko, sisi ukutani,
na hivyo ndivyo tulivyolala siku tatu
hadi lori la Osh likaleta springi.

Alituachia gunia moja. Nililikataa.
Akalibwaga kizingitini, akatia gia, akaenda
tiki-tiki-tiki juu ya zile mbavu.

Tulivichemsha tangu asubuhi.
Adhuhuri vilikuwa bado vigumu katikati.
Tukavila hivyo hivyo.