Kidude chenye Meno Mawili

Bi Swafiya alikileta dukani Langoni siku ya Jumanne,
kimefungwa lesoni, kinanuka dawa ya nondo:
kompyuta ya kiganjani, ya zamani hizo,
vitufe kama punje za kunde,
kioo kijivu mithili ya jicho la samaki wa juzi,
na ubavuni, kimechomekwa kikang'ang'ania,
kidude.

"Kompyuta naiyua," akasema.
"Marehemu akiibonyeza hata chakula kikipoa.
Hicho kingine sikiyui,
na wa kuulizwa ndiye huyo hayuko."
Akaniachia, akaenda kununua nazi.

Mgongoni pana herufi mbili na tarakimu nne,
ya mwisho imekwanguliwa.
Moja au saba?
Kwa fundi, hiyo ni tofauti ya mkwe na mkwezi.

Kupi muuza simu akasema ni chaji.
Fahmi, aliyesomea umeme miezi miwili akaacha,
akaapa kwamba ni antena.
Maamun kinyozi akavuka njia na wembe mkononi:
"Hicho ni cha kupimia sukari."
"Basi lete kidole," nikamwambia.
Kidole kikaingia mfukoni.

Nikafungua. Skrubu tatu; ya nne ilishaliwa na kutu.
Ndani, sakiti ndogo kama kipande cha halua,
kidonge cheusi kilichofutwa jina makusudi
(waliokitengeneza walikuwa na choyo),
na waya mbili, mwekundu na mweupe,
zikishuka hadi kwenye sindano mbili
zilizojificha chini ya kofia ya mpira.

Nikatia betri mpya.
Kioo kikafikiri. Kikaandika: 00.
Nikagusisha sindano kwenye meza: 11.
Kwenye kiganja changu: 46.
Nikatema mate kidoleni, Mungu anisamehe, nikajaribu tena: 83.
Kwenye ndimu kikapandwa na wazimu.
Kwenye karatasi, 07.
Nikakaa.
Kumbe hakipimi umeme wala damu.
Kinaonja maji
mahali ambapo maji hayaonekani.

Lakini kionje nini? Cha nani?
Mwenye kompyuta hakuwa mkulima, wala hakuuza mbao.

Usiku ule Mkomani stima zilikatika.
Nikawasha tochi ya simu kutafuta kiberiti
kwenye zidaka za ndani kati,
mwanga ukateleza chini ya ukuta, usawa wa goti,
pale kwenye vitundu viwili
ambavyo tangu utotoni tuliambiwa ni vya mdudu.
Mdudu gani huyu
anayetoboa viwili viwili,
nafasi ileile, kila hatua tatu?

Nikakitoa mfukoni.
Sindano zikaingia
kama ufunguo uliokwenda safari ukarudi nyumbani.

Ndipo nikamkumbuka mtu aliyepiga magoti hapa
mwaka nilipong'oka jino la mbele.
Tuliambiwa tusimsumbue, anapima nyumba.
Shati jeupe, soksi zimetoboka,
anabonyeza, ananong'ona namba,
anaandika kwa penseli kwenye chokaa.
Nikasogeza tochi. Penseli ipo bado,
imefifia, imelala chini ya rangi aliyopaka mjomba:
19.

Na kioo mkononi mwangu kikasema 34.

Nikachomoa. Nikafuta sindano kwa shati.
Nikachomeka tena.
34.

Mama akaita toka juu: "Umekiona kiberiti?"
Nikasema bado.

Asubuhi nikamrudishia Bi Swafiya vitu vyake,
nikamweleza: kuta zetu ni matumbawe,
zilizaliwa majini, na maji hazijayasahau;
mumeo alikuwa akiziuliza
zimekunywa kiasi gani.
Hakulia. Alikitazama kidude,
akakivisha kofia yake ya mpira
vizuri, kama mtu amvishaye mtoto kwenda chuoni.
"Na mimi nikidhani ana mke mwengine huko," akasema,
"kila siku kurudi na vumbi la chokaa magotini."

Nilikataa pesa. Akaniwekea chini ya mita.

Alipofika mlangoni akageuka:
"Basi ndoo na kwangu siku moja, uchome chome.
Lakini ule ukuta wa kitandani usiuguse.
Ule nauyua mwenyewe."