Chokaa kwenye Vitufe

Sanduku lilikuja pamoja na nyumba.
Kwetu Shillong nyumba humfuata binti wa mwisho,
nami ndiye kitinda mimba: nikapata paa la bati,
jiko, mama, deni la duka la mbao,
na chini ya kitanda cha marehemu mjomba Phrangsngi
pedali sita zilizoviringishwa ndani ya taulo la hoteli.

Kaka yangu Batskhem ana kanuni.
"Kinacholia kitangulie, kinachokwaruza kifuate,
mtetemo baada yake, mwangwi uje mwisho,
kama watu wanavyotoka kanisani:
watoto, akina mama, kisha mchungaji na funguo."
Tukazipanga hivyo sakafuni, jeki baada ya jeki.
Tukawasha ampu, tukangoja valvu zipate moto,
vile vijitaa vya rangi ya chungwa mgongoni mwake,
makaa yanayotega sikio.

Nikapiga.
Sauti ikatoka imenawa uso, imechana nywele.
Batskhem akatabasamu.
Mimi niliona mgeni ameketi kwenye kiti cha mjomba.

Maana yeye alisikika kama mtu
anayeita jina kutoka ng'ambo ya korongo,
na korongo, badala ya kulirudisha, likalitafuna.

Nikageuza vitufe. Besi juu, trebo chini,
kisha kinyume, kisha vyote katikati, uji usio na chumvi.
Ampu ileile ikanipa kengele ya baiskeli,
nyuki ndani ya debe, mbwa mwenye mafua,
na mara moja, sijui niligusa nini,
mlango wa shule yetu ya msingi.
Yeye hakuwemo.

Ndipo nikaiona chokaa.
Mjomba alitafuna popoo tangu alfajiri hadi usingizi,
na gumba lililopaka chokaa kwenye tambuu
ndilo lililogeuza vitufe.
Doa jeupe hapa, doa jeupe pale,
na kwenye mwangwi doa nene, ukingoni kabisa,
la leo juu ya la jana, miaka ishirini na kitu.
Nikafuata madoa kama anayefuata nyayo za kuku.

Lakini doa husema kiasi tu,
halisemi nani amtangulie nani.
Hilo lilisemwa na waya mmoja, mfupi, wa shubiri moja.
Nilipouweka chini ulijikunja wenyewe
kama paka anayejua pake:
kichwa kwenye mwangwi, mkia kwenye mkwaruzo.
Mwangwi kwanza!
Batskhem akashika kichwa.
"Dada, umevaa koti, ukavaa shati juu yake."

Nikavaa. Nikapiga.
Kila noti ilirudi ikakuta meno yanaisubiri,
marudio yakamegekeana, moja likambeba mwenzake
likamwangusha. Karibu. Karibu sana.
Ila bado palikuwa na ugumu fulani,
kama kola mpya.

Saa moja jioni, mtaa mzima ukawasha hita na majiko.
Umeme ukapungua, kama kila siku,
balbu ya dari ikageuka manjano ya kiini cha yai,
na valvu, zikikosa shibe yao,
zikalegea mabega.
Sikugusa kitu. Naapa sikugusa kitu.
Noti iliyokuwa mkononi mwangu ikanywea,
ikajaa upya kutoka chini, ya kahawia,
yenye mikwaruzo ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Kumbe ndiyo maana hakuwahi kupiga mchana.
Na sisi tulidhani ni uvivu.

Jikoni kisu kilinyamaza juu ya kitunguu.
Mama, bila kugeuka, akauliza
lile swali alilomuuliza kaka yake kila jioni:
"Umekula?"

Nikasema bado.
Batskhem alikuwa anapekua kijitabu cha maelezo,
akitafuta ukurasa unaosema hivyo haiwezekani.