Fuko Amepewa Mdomo

Miaka kumi na mmoja nimengoja,
na leo, Jumatano, saa ya bei nafuu,
nimetoka zamu ya usiku kiwanda cha samaki,
nikaoga mara mbili, nikapanda basi
hadi sinema ile ya karibu na stesheni ya Hull,
nikanunua bisi za pauni sita (sita!)
nikaketi safu ya tano katikati ya watoto
ambao sehemu ya kwanza ilipotoka
hata mama zao walikuwa hawajajuana na baba zao.

Mnisamehe. Nina miaka ishirini na miwili.
Nimekuja kwa ajili ya fuko.

Zamani fuko hakusema.
Alikuwa na kucha, na ule udongo mweusi,
na akifika ukutani hugonga: ko, ko, ko.
Halafu kimya.
Halafu, mbali, ng'ambo ya ukuta: ko.
Ikaisha hapo. Taa zikawaka.
Mdogo wangu Byamungu akalia, "Nani? Nani yuko huko?"
na mama akasema twendeni, basi litatuacha.

Tulikuwa na miezi minne tu hapa.
Nilikuwa na maneno thelathini ya Kiingereza,
kumi kati yake ya chakula.
Mwalimu akiniuliza kitu, naangalia sakafu.
Lakini fuko naye hakuwa na neno hata moja,
na sinema nzima ilimwelewa!
Usiku, hita ikikoroma,
niligonga ukuta wa chumba cha Byamungu mara tatu,
naye akajibu mara moja.
Hiyo ndiyo lugha tuliyoijua vizuri mwaka ule.
Jirani yetu, Bi Maureen, akagonga pia, kwa hasira.
Sisi tukadhani amejiunga.

Sasa wamempa mdomo.
Dakika ya tatu tu, fuko anafunua kinywa,
inatoka sauti ya mchekeshaji wa televisheni,
anajamba kwa makusudi, anacheza na minyoo,
amevaa miwani ya jua. Fuko! Chini ya ardhi!
Na ule ukuta, ukuta wangu,
wameubomoa kabla bisi hazijapoa:
nyuma yake ni mjomba.
Mjomba mwenye pikipiki.

Miaka yote hii nimeweka watu kibao nyuma ya ukuta ule.
Nilimweka bibi aliyebaki Uvira.
Nilimweka Nsimire, niliyemwachia kitana changu
nikasema nitakirudia.
Nilimweka Mungu, mwaka wa mitihani.
Sikumweka mjomba mwenye pikipiki.

Nilitaka kutoka. Nilishashika koti.

Ndipo, karibu na mwisho, taa ikamzimikia shimoni,
pikipiki ikanyamaza, skrini ikawa nyeusi kabisa,
nyeusi ya kweli, hata watoto wakaacha kutafuna.
Ko, ko, ko.
Hakuna aliyejibu.
Tukangoja.
Safu ya mbele, mtoto mmoja mwenye buti za njano
akapiga mguu wa kiti: ko.

Siwezi kueleza.
Nilikaa hadi majina yote yakapita,
hata ya waliochora minyoo,
kijana wa ufagio akisubiri pembeni
akijifanya anafagia palipokwisha kufagiwa.

Nikampigia Byamungu. Yuko Glasgow, fundi umeme,
ana ndevu na mkopo wa gari.
"Mbaya," nikamwambia. "Mbaya sana. Wameiharibu."
Akacheka, akauliza bei ya bisi, akaguna.
Kisha akakaa kimya kidogo.
"Na nyuma ya ukuta, alikuwa nani?"
Nikatazama mvua ikipiga paa la kituo cha basi.
"Hawakuonyesha," nikasema.

Jumamosi narudi. Nimeshakata tiketi.
Kuna makosa mengine sikuyaona vizuri.