Washa Yenye Ulimi

Tangu Lugulu gari lilikuwa likiguna,
mguno wa mtu aliyeamshwa akalime.
Nikikata kona ya kushoto unakolea,
ya kulia unanyamaza;
ndiyo maana Nasambu, hata kabla ya jeki,
alilitazama gurudumu la kulia tu.

Kotina hii niliinunua kwa karani wa kiwanda cha karatasi
mwaka ule dohani la Webuye lilipoacha moshi.
Alinipa funguo, kadi, na onyo moja:
usiipeleke kwa mtu mwenye haraka.

Nasambu hana haraka. Gereji yake ni mabati matatu
kando ya barabara ya Malaba;
lori likipita, spana zinatetemeka kwenye sinia.
"Mwalimu, leo utashika mwenyewe," akasema.
"Mimi nitashika chai."

Kalipa tukaifunga kwa waya isining'inie kwa mpira wake.
Kofia ya vumbi ikatoka kwa bisibisi na subira.
Pini ikavunjika. Nati. Kisha beringi ya nje
ikanidondokea kiganjani na grisi yake nyeusi,
ugali wa wimbi uliolala.
Roli zilikuwa na mabaka ya buluu, alama za moto,
na kikombe kilichimbika njia
kama ile ya kwetu Misikhu baada ya mvua za Aprili.

Kikombe kipya huingizwa kwa nyundo na kipande cha shaba,
hapa, ng'ambo, hapa, ng'ambo,
mpaka sauti ibadilike.
Nitajuaje? Utasikia.
Ko. Ko.
Ko.
Ko.
Ti.
Hapo kimekaa.

Grisi nayo ina adabu zake:
donge kwenye kiganja cha kushoto,
ubavu mpana wa beringi ukichota, ukichota,
hadi ichungulie upande wa pili kati ya roli na roli,
vijinyoo vya rangi ya asali.
Miaka kumi na tisa chaki imenikausha mikono;
siku hiyo ilimeta hadi viwikoni.

Kaza huku ukizungusha, gurudumu lianze kukataa.
Sasa rudi nyuma jino moja la nati, basi.
Shika saa sita na saa kumi na mbili, utikise.
Likicheza mno litajila. Likibanwa litaungua.
Nikafungua mdomo; Nasambu akaniwahi:
"Usiniletee methali za ndoa. Hii ni nati."

Nati ilikuwa imelipita tundu la pini kidogo.
Nikadhani ni uzee.
Nikapinda pini, nikagonga kofia,
nikafuta mikono kwa shati la shule la mtu aliyekwisha kukua,
nikaomba chai.

Akainamisha kopo la Kimbo amwage mafuta ya taa.
Kitu kikalia chini ya kopo, kengele ndogo.
Washa. Ile yenye ulimi,
inayokaa kati ya beringi na nati.
Ulimi inao, na mchana kutwa haikusema.

Nasambu hakucheka. Hilo ndilo liliniuma.
Aliisogeza bisibisi hadi gotini pangu kwa kidole cha mguu,
akamimina kikombe cha pili, chake.

Upya, basi. Kofia, pini, nati;
na pini nyingine mpya, kwani hiyo haipindwi mara mbili.

Jioni tuliteremka kuelekea daraja la Nzoia, vioo chini.
Kulia, kimya.
Nikaringa kwa kilomita mbili nzima.
Kisha, kutoka nyuma, chini ya viti,
sauti nyembamba ambayo mguno uliificha miaka yote:
wiii, kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta,
wiii.

Nasambu alifumba macho, akasikiliza hadi mlimani.
"Difu," akasema,
akapandisha kioo.