Salamu kwa Shaba

Kaumba, kaka yangu, aliyekula moshi wa tanuru
miaka ishirini na sita,
hakuniagiza viatu, wala simu, wala chokoleti.
Alinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Luano,
akaninyoosha kola kana kwamba mimi ndiye kitinda mimba,
akasema: "Numbi, ukiiona shaba yetu huko Bulaya,
isalimie."

Nikacheka. Ndege ikaruka.
Kutoka juu niliuona mlima mweusi wa masalia yake,
na dohani ile ndefu, isiyotoa moshi siku hiyo,
kama kidole cha mtu aliyesahau alichotaka kuuliza.

Brusseli ilinipokea kwa mvua nyembamba,
si mvua yetu inayogonga mabati ikidai ifunguliwe,
bali mvua ya kiofisi, ya kunong'ona,
inayokulowanisha huku ikiomba radhi.
Nililipa yuro kumi na mbili,
nikabandikwa karatasi ya njano kifuani,
nikawa mtalii.

Tulikuwa kumi na tisa nyuma ya kijana mwenye mwavuli mwekundu.
Alitupeleka uwanja mkuu,
penye nyumba zilizopakwa dhahabu kwenye vipaji vya nyuso,
akataja miaka kama mtu anayeita watoto wake waje kula:
huu moto uliunguza, huu walijenga upya, huu mfalme alipita.
Watu wakainua simu. Nami nikainua yangu.
Sitasema uongo, palikuwa pazuri.
Nilisimama mdomo wazi, sukari ya gofri ikinimwagikia mkononi,
na kwa dakika nzima sikumkumbuka mtu.

Kisha akasema, "Tazameni paa lile la kijani.
Ni shaba. Ikizeeka, mvua huigeuza rangi."

Kaumba,
nilidhani nitaijua kama unavyomjua ndugu akishuka kwenye treni,
kwa mwendo, kwa mabega.
Sikuijua.
Ya kwetu ni nyekundu, ina joto, ina makelele,
ilirudi na baba jioni ndani ya mikunjo ya shati
na mama akaifua siku ya Jumamosi, isitoke.
Hii ilikuwa imetulia kule juu,
kijani kama maji ya bwawa lisilochotwa,
njiwa wameikalia bila kulipa.

Nikanyoosha mkono. "Imetoka wapi?"
Kijana akatazama karatasi zake. Akazigeuza.
"Mbali," akasema kwa upole. "Zamani."
Kana kwamba hayo ni majina ya miji miwili.
Mwavuli mwekundu ukaenda zake.

Mimi nikabaki. Nilitafuta iliyo karibu
nikapata bomba la mvua, limeshuka ukutani
hadi usawa wa kiuno changu,
maji yanaongea ndani yake.
Nikaweka kiganja. Baridi.
"Jambo," nikasema. "Kaumba wa Katuba anakusalimu.
Mapafu yake bado yanakutaja."
Mama mmoja na mbwa wake wakanipisha njia.

Jana usiku nimemsimulia.
Hatukuwa na umeme, wezi wamekata tena waya za mtaa,
mita arobaini za shaba,
tukaketi gizani na jagi la munkoyo.
Alisikiliza hadi mwisho.

"Kijani?"
"Kijani."
"Kama mtu aliyefungiwa ndani, asiyeota jua."
Akakohoa, akangoja kikohozi kipite.
"Na labda hata si yetu," nikamwambia.
"Shaba haina kitambulisho."
"Uliishika kwa mkono upi?"

Nikampa wa kulia.
Akaunusa, taratibu,
kama alivyokuwa akinusa tanuru kujua kama imeiva,
halafu akaniuliza
kama ndani ya lile bomba
maji yalikuwa yanapita vizuri.