Sekunde ya Nani

Usiku wa kuamkia Jumatano, Kadutu,
tumezima umeme wenyewe.
Si mvua, si transfoma ya sokoni
inayokohoa kila jioni.
Cirhuza alishika kishikio chekundu, akakivuta chini,
na jengo zima jipya likanyamaza
kama mtu aliyekumbushwa deni.

Mimi nina daftari na saa ya marehemu baba.
Moja. Mbili. Tatu.
Mkataba unasema kumi.
Nane. Tisa.
Gizani, Mama Nankafu, mkunga, hasemi kitu;
nasikia kandambili zake tu.
Ishirini. Thelathini na tano.
Arobaini na moja
ndipo jenereta ikapiga chafya, ikawaka.

“Si inafanya kazi!” akasema mjenzi mkuu,
ambaye utepe wa kukata ameshaununua.
Ndiyo, bosi, inafanya kazi.
Hata moyo wangu unafanya kazi
nikipanda ngazi za Nyamugo na bidoni kichwani,
lakini usiniombe niimbe.

Tukainama, tochi za simu mdomoni.
Kichwa cha betri kinacheza kwa kidole kimoja:
mtu alikaza nati kwa macho.
Na pampu ya chini, siku tisa sasa,
inazunguka kinyumenyume,
inanguruma kwa bidii ya mnafiki
huku tangi la juu ya paa likikusanya vumbi.
Nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana viti.
Nikaandika, nikafuta, nikaandika upya.
Karatasi ya makabidhiano ina mistari sabini na miwili.

Mama Nankafu hana karatasi.
Tangu mchana ameweka ndani ya kuvezi,
lile sanduku la kioo la watoto njiti,
chupa ya maji vuguvugu,
ameifunga kitenge hadi shingoni,
kipimajoto kwapani,
kama chupa ingekuwa na kwapa.
“Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba hii.
Akipoa, mimi sitii sahihi.”

Tukazima tena.
Kumi na moja.
Mjenzi akapiga makofi peke yake.
“Imezidi moja tu, mama,” Cirhuza akabembeleza.
“Hiyo moja ni ya nani?”

Hakuna aliyejibu. Tukafungua kifuniko tena,
mikono ikinuka dizeli, shingo zikiuma,
tukisogeza skrubu ya kuchelewesha
kwa upana wa ukucha.

Saa tisa na robo, mtaa wote ukazimika,
kutoka Nyamugo hadi ziwani.
Safari hii si sisi.
Nilishtuka, nikasahau kuhesabu.
Nilipoikumbuka saa, taa zilikuwa juu yetu,
pampu inapandisha maji taratibu,
na Mama Nankafu ameingiza mkono ndani ya kitenge
hautoi.

Mstari wa sabini na mbili
nimeuacha wazi.
Asubuhi, kabla ya utepe, tutazima tena.